Anayebadilika ni Kiumbe au Ukoo Wake?

Mjusi amewekwa kwenye kijiti kilichosimamishwa wima. Mbele yake kuna mashine ya kupulizia majani makavu, ile ya kusafishia bustani. Nyuma yake kuna wavu laini. Mashine inawashwa. Upepo unaanza taratibu, kisha unaongezwa. Mjusi anajibanza upande wa pili wa kijiti, kama mtu anayejificha nyuma ya nguzo. Upepo unapozidi, miguu ya nyuma inaachia kwanza, kiwiliwili kinapepea kama bendera, na sasa ameshikilia kwa miguu ya mbele tu. Muda mfupi baadaye anang'oka, anatua wavuni bila jeraha, na anarudishwa alikotolewa.

Jaribio hili lilifanyika mwaka 2017 katika visiwa vya Turks na Caicos, huko Karibi. Colin Donihue na wenzake walikuwa wamekwenda kupima mijusi wadogo wa jamii ya anoli kwa sababu nyingine kabisa. Siku chache baada ya kumaliza vipimo, kimbunga Irma kilipita juu ya visiwa hivyo, na hakikupoa vizuri kabla kimbunga kingine, Maria, hakijafuata. Watafiti wakarudi, wakakamata mijusi walionusurika na kuwapima upya. Kwa wastani, walionusurika walikuwa na nyayo pana zaidi za kunatia chini ya vidole, miguu ya mbele mirefu zaidi, na miguu ya nyuma mifupi zaidi. Hili la mwisho lilikuwa fumbo, kwa kuwa mtu angedhani mguu mrefu hushika vizuri zaidi. Mashine ya upepo ndiyo iliyolifumbua: paja refu la nyuma hukinga upepo kama tanga, na tanga humng'oa mwenyewe.

Sasa jiulize: mijusi wa visiwa vile walibadilika? Ndiyo. Je, kuna mjusi hata mmoja aliyebadilika? Hakuna. Hakuna aliyeota kidole kipana huku upepo ukivuma. Wenye nyayo nyembamba walipeperushwa, wenye nyayo pana wakabaki, na wastani ukasogea. Ni hesabu ya waliokufa na waliobaki.

Nimeanza na mjusi kwa sababu tofauti hii ndiyo inayopotea kila tunaposoma kwamba wanyama na mimea "wanajirekebisha" ili kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kitenzi hicho, kwa maoni yangu, kimeleta mkanganyiko mwingi. Kinampa kiumbe nia, mpango na muda wa kutosha, kana kwamba ameona joto linapanda akaamua kununua feni. Kumbe nyuma ya neno hilo moja yamejificha mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Moja humtokea kiumbe mwenyewe angali hai. Jingine huutokea ukoo, kizazi baada ya kizazi, na kiumbe mmoja mmoja hana habari nalo.

Kwa bahati nzuri, wahenga walituachia methali mbili zinazoyagawa mambo haya pasu kwa pasu. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Samaki mbichi

Tuanze na kiumbe mwenyewe. Jeni zake ni zilezile alizozaliwa nazo. Kinachobadilika ni jinsi mwili unavyozitumia. Mtu wa pwani akihamia kwenye milima mirefu, baada ya wiki chache damu yake inakuwa na chembe nyekundu nyingi zaidi za kubebea oksijeni. Akishuka, zinapungua. Mtoto atakayemzaa baada ya kurudi pwani hazaliwi na damu ya mlimani. Vivyo hivyo mti: majani yaliyokulia kivulini huwa mapana na laini, na yaliyokulia juani, pengine kwenye mti huohuo, huwa madogo na manene. Wanabiolojia huuita uwezo huu unyumbufu. Kiumbe hupinda bila kuvunjika. Kuna mipindo inayoweza kunyooshwa tena, kama ile ya damu, na kuna inayokauka utotoni na kubaki hivyo hadi kufa. Hapo ndipo samaki wetu anapoingia.

Unyumbufu uliofuatiliwa kwa subira kuliko mwingi ni wa ndege mdogo wa Ulaya mwenye kifua cha manjano, Parus major. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, Uingereza, ndege hawa wamechunguzwa tangu mwaka 1947. Hutaga kwenye visanduku vya mbao vilivyotundikwa mitini. Kila majira ya kuchipua mtu hupita akifungua visanduku, akihesabu mayai, akivisha makinda pete miguuni. Tangu miaka ya 1960, siku ya kutaga imekuja mapema kwa takriban wiki mbili.

Sababu yenyewe ni tumbo. Makinda hulishwa viwavi wa nondo wanaokula majani machanga ya mwaloni, na viwavi hao huwa tele kwa wiki chache tu. Majira ya kuchipua yakija na joto, mwaloni huchipua mapema, viwavi hutoka mapema, na ndege anayetaga kwa tarehe ya zamani atakuta makinda yake yameachama vinywa wakati karamu imekwisha. Kwa kuwa kila ndege ana pete yake, watafiti waliweza kumfuatilia jike yuleyule miaka kadhaa: mwaka wa joto anataga mapema, mwaka wa baridi anachelewa. Maana yake sehemu kubwa ya zile wiki mbili haihusiani na urithi. Ni ndege haohao, wakisoma hali tofauti na kuifuata.

Ukiishia hapo utadhani kazi imekwisha, viumbe wana akili zao. Ila kuna tatizo katika kile wanachokisoma.

Hakuna ndege anayejua viwavi watatoka lini. Anachokiona ni dalili: joto la wiki hii, machipukizi, urefu wa mchana. Kwa maelfu ya miaka dalili hizi zilikwenda sanjari, kwa hiyo haikujalisha sana kiumbe ameshika ipi. Leo zimeachana. Joto limesogea, jua halijasogea. Mchana wa tarehe 20 Aprili una urefu uleule uliokuwa nao enzi za babu wa babu. Aliyezoea kufuata joto anakwenda na wakati, na aliyezoea kufuata mwanga anaendelea kutii kalenda iliyofutwa.

Muulize sungura wa theluji wa Amerika Kaskazini. Majira ya joto ana manyoya ya kahawia, majira ya baridi ana manyoya meupe, na kinachomwambia abadilishe ni urefu wa mchana. Theluji siku hizi huchelewa kuanguka na huwahi kuyeyuka. Matokeo yake unamkuta sungura mweupe pe ameketi juu ya majani makavu ya kahawia, ametulia tuli, akiamini amejificha. Anaonekana kama taa. Watafiti waliowafunga sungura hawa vifaa vya redio shingoni, akiwemo L. Scott Mills, waliona kwamba kila wiki ya kutofanana na ardhi inapunguza nafasi yake ya kubaki hai. Unyumbufu anao, amebadilisha koti kama kawaida. Kilichomponza ni dalili.

Ndege wahamiaji wana shida hiyohiyo, tena kwa mbali zaidi. Ndege mdogo mla wadudu, Ficedula hypoleuca, hukaa Afrika Magharibi wakati Ulaya kuna baridi. Akiwa huko hana njia ya kujua kwamba mialoni ya Uholanzi imechipua mapema mwaka huu. Anaondoka mchana unapomwambia aondoke. Mwaka 2006 Christiaan Both na wenzake walionyesha kwamba katika misitu ya Uholanzi ambako viwavi wanawahi kuliko kwingine, idadi ya ndege hawa ilikuwa imeporomoka kwa karibu asilimia 90 katika miongo miwili.

Mtoto wa nyoka

Njia ya pili ni mageuzi, na ili yatokee yanahitaji mambo matatu tu. Kwanza, viumbe wa spishi moja watofautiane. Pili, tofauti hizo zirithiwe. Tatu, baadhi ya tofauti zimsaidie mwenye nazo kuishi na kuzaa kuliko jirani yake. Yakikutana hayo, mageuzi hayahitaji idhini ya mtu.

Kazi ngumu ni kuyathibitisha. Ukiona mmea unachanua siku kumi mapema kuliko zamani, utajuaje kama ni unyumbufu au ni urithi? Kwa macho huwezi. Siku kumi ni siku kumi.

Jibu ninalolipenda kuliko yote lilitoka kusini mwa California. Huko kuna mmea wa jamii ya haradali, Brassica rapa, unaoota, kuchanua na kufa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1997 mbegu zake zilikusanywa na kuhifadhiwa. Kisha, kuanzia mwaka 2000, ukaja ukame wa miaka kadhaa. Mwaka 2004 Steven Franks, Arthur Weis na mwenzao Sheina Sim walikusanya mbegu tena palepale. Sasa walikuwa na mababu kwenye pakiti moja na vitukuu kwenye pakiti nyingine, na vizazi saba katikati.

Wakawaotesha pamoja. Chungu cha babu kando ya chungu cha kitukuu, udongo mmoja, maji yaleyale, mwanga uleule. Jambo hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo kiini cha hoja: kama tofauti ya kuchanua ilikuwa ya mazingira tu, basi ndani ya mazingira mamoja ingetoweka. Haikutoweka. Vitukuu walichanua mapema kuliko mababu, kwa siku 1.9 katika kundi moja na siku 8.6 katika kundi jingine. Watafiti wakaenda hatua moja zaidi, wakachavusha mababu kwa vitukuu, jambo ambalo mbegu zilizohifadhiwa pekee ndizo zinazoliruhusu. Machotara wakachanua katikati ya pande mbili, kama inavyotarajiwa kwa kitu kilicho ndani ya jeni. Mantiki ya ukame ni nyepesi: mvua ikikatika mapema, mmea unaochelewa kutoa ua hufa na mbegu zake tumboni.

Mbu naye ana kisa chake. Wyeomyia smithii ni mbu wa mashariki mwa Amerika Kaskazini ambaye mabuu yake huishi ndani ya maji yaliyotuama kwenye majani ya mmea unaokula wadudu, majani yaliyojikunja kama mitungi. Majira ya baridi yakikaribia, buu huingia usingizi mrefu, na kinachomwambia alale ni mchana kufupika. William Bradshaw na Christina Holzapfel wa Chuo Kikuu cha Oregon waliwafuga mbu hawa maabara, chini ya taa zinazowashwa na kuzimwa kwa saa maalumu, na kuuliza swali moja: mchana ufupike hadi kiasi gani ndipo ulale? Mwaka 2001 walichapisha jibu. Mbu wa kaskazini wa mwaka 1996 walikuwa wanasubiri mchana mfupi zaidi kuliko wale wa mwaka 1972. Kwa kalenda ya huko, ni kuchelewa kulala kwa takriban siku tisa. Taa ni zilezile, kwa hiyo tofauti ilikuwa ya kurithi.

Angalia vizuri kilichogeuka hapo. Wengi tukisikia kiumbe amebadilika kwa sababu ya joto, tunawaza ngozi ngumu au damu inayostahimili. Mbu hawa hawakuwa wastahimilivu wa joto kuliko babu zao. Kilichogeuka ni saa yao. Hata jambo lenyewe lina mantiki: kwa viumbe wengi wa nchi zenye majira manne, joto linawadhuru zaidi kwa kuvuruga ratiba kuliko kwa kuwaunguza.

Bei yake

Mageuzi yanapotokea haraka, ni kwa sababu wengi wamekufa haraka. Katika kisiwa kidogo cha Daphne Major, Galápagos, Peter na Rosemary Grant walianza kupima ndege wala mbegu mwaka 1973. Kisiwa ni kidogo kiasi kwamba karibu kila ndege alikuwa na pete na vipimo vyake vimeandikwa. Mwaka 1977 mvua haikunyesha. Mbegu ndogo laini ziliisha, zikabaki ngumu, hasa za mmea wa jamii ya mbigili, zenye miiba na ganda la kuvunja meno. Ndege mwenye mdomo mnene aliweza kuzipasua. Mwenye mdomo mwembamba alizigeuzageuza na kuziacha. Zaidi ya asilimia 80 ya ndege wa spishi ya Geospiza fortis walikufa, na watoto wa walionusurika wakazaliwa na midomo minene zaidi, kwa tofauti isiyofika milimita moja.

Soma tena sentensi hiyo. Wanne kati ya watano walikufa ili wastani wa mdomo usogee chini ya milimita.

Halafu mwaka 1983 El Niño ilileta mvua kubwa, kisiwa kikajaa mimea yenye mbegu ndogo, na midomo ikaanza kurudi kuwa midogo. Ndiyo maana sipendi lugha ya "kupanda ngazi" katika mageuzi. Ndege walikuwa wanafuata chakula, na chakula kilikuwa kinafuata mvua.

Ukoo gani basi unaweza kulipa bei hiyo na kubaki? Mambo yanayoamua si mengi. Idadi ni mojawapo: ukianza na mamilioni, asilimia 80 wakifa bado una mbegu, ukianza na mia mbili, hesabu inakuwa nyingine. Urefu wa kizazi ni jambo jingine. Bakteria wanaweza kugawanyika kila dakika 20, mbu huhesabu vizazi kwa majuma au kwa mwaka, mwaloni na kasa huhesabu kwa miongo. Lakini linalosahaulika zaidi ni akiba.

Mabadiliko mapya ya jeni hutokea kwa nasibu na mara nyingi huchelewa. Ukoo unaookoka haraka huwa unatumia tofauti ambazo tayari zilikuwemo, zimelala. Huko Ufini kuna bundi wa rangi mbili, kijivu na kahawia, na rangi hiyo hurithiwa. Theluji inapokuwa nyingi, wa kahawia hufa zaidi. Majira ya baridi yalipopungua makali, wa kahawia wakaongezeka. Haikuhitajika jeni mpya hata moja. Karata ilikuwa tayari mkononi. Na kuna anayekopa: katika baadhi ya maeneo ya pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, ambako theluji ni haba, sungura wa theluji hubaki kahawia mwaka mzima. Jeni inayowafanya hivyo, kama ilivyoelezwa mwaka 2018, iliingia kwao zamani kutoka spishi nyingine ya sungura waliyozaana nayo. Kwa hiyo tunapopunguza makundi ya porini hadi wachache waliofanana, tunachoma karata kabla mchezo haujafika.

Kuhama, mpaka pa kuhamia paishe

Kuna njia ya tatu, nayo haihitaji kubadilika: fuata hali ya hewa uliyoizoea. Wengi wanafanya hivyo. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2011, ulikadiria kwamba spishi za nchi kavu zilikuwa zinasogea kuelekea ncha za dunia kwa takriban kilomita 17 kwa kila muongo, na kupanda milima kwa mita 11. Mti hauna miguu, lakini mbegu zake zinazo, kwa maana ya upepo na matumbo ya ndege.

Ubaya wa mlima ni kwamba una kilele. Huko Peru, kwenye mlima wa Pantiacolla, ndege waliorodheshwa mwaka 1985 na tena mwaka 2017. Walikuwa wamepanda, na waliokuwa wakiishi karibu na kilele walipungua. Baadhi hawakuonekana tena kabisa. Na kisiwa kina ufukwe: panya mdogo wa Bramble Cay, kisiwa cha mchanga kati ya Australia na Papua New Guinea, hakuwa na pengine pa kwenda bahari ilipokuwa ikifurika na kuua mimea yake. Alionekana mara ya mwisho mwaka 2009. Serikali ya Australia ilimtangaza kuwa ametoweka mwaka 2019, na anatajwa kuwa mnyama wa kwanza anayenyonyesha kutoweka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu.

Mtu atauliza: tabianchi si imewahi kubadilika huko nyuma, na viumbe wakapona? Ni kweli. Dunia ilipotoka kwenye zama za barafu ilipata joto la nyuzi zipatazo tano au zaidi, na misitu ikatembea kutoka kusini hadi kaskazini. Ila safari ile ilichukua maelfu ya miaka. Muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la nyuzi 1.1 juu ya lile la 1850 hadi 1900, na joto bado linapanda. Isitoshe, zama zile hakukuwa na barabara kuu, mashamba yasiyo na mwisho, wala miji katikati ya njia.

Badiliko ambalo si dawa

Limebaki kosa moja ambalo hata wasomi huteleza nalo: kudhani kwamba kila badiliko tunaloliona ni suluhisho.

Kwa miaka mingi David Willard wa jumba la makumbusho la Field, Chicago, alikuwa akiokota ndege wahamiaji waliokufa kwa kugonga vioo vya majengo, na kuwapima kwa mkono mmoja baada ya mwingine. Rekodi ya mwaka 1978 hadi 2016 ilifikia ndege zaidi ya 70,000 wa spishi 52. Ilipochambuliwa, ilionekana miili imepungua na mabawa yamerefuka kidogo. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo ni rahisi kusema: wamejirekebisha, hongera. Lakini vipimo vya maiti peke yake haviwezi kukuambia kama kilichobadilika ni jeni au ni chakula cha utotoni.

Kitwitwi wa Aktiki anaonyesha kwa nini swali hilo si la mzaha. Calidris canutus huzaliana katika rasi ya Taimyr, kaskazini mwa Urusi, na kipindi cha baridi hukaa Banc d'Arguin, Mauritania. Katika miaka 33 iliyochunguzwa na Jan van Gils na wenzake, theluji ya Taimyr ilikuwa ikiyeyuka mapema kwa karibu nusu siku kila mwaka. Wadudu wakawahi, makinda yakachelewa. Kinda lililokosa wadudu hudumaa, na mdomo wake hubaki mfupi. Ukimpima huko Aktiki unaweza kuandika kwamba ndege wanapungua ukubwa kwa sababu ya joto, ukafunga daftari.

Mfuate Mauritania. Chakula bora cha kule ni chaza wadogo waliojizika kwenye matope. Mdomo mrefu unawafikia. Mdomo mfupi unaishia juu, na mwenye nao anabaki kula mizizi ya nyasi za baharini, chakula hafifu. Vijana wenye midomo mifupi hufa zaidi. Udogo wao ulikuwa alama ya njaa waliyoipata wakiwa wabichi, na hukumu yake ikatolewa kilomita maelfu kutoka hapo. Samaki amekunjwa vibaya.

Kwa viumbe wa kizazi kirefu, hesabu ni ngumu zaidi. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga uliofunika yai: likipanda kupita takriban nyuzi 29, wengi huwa majike. Utafiti wa mwaka 2018 kuhusu kasa wanaotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, ulikuta kwamba miongoni mwa wadogo, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Kasa ana njia za kujinusuru. Anaweza kutaga mapema, au kuchagua mchanga wenye kivuli. Lakini anayeanguliwa leo atataga baada ya miongo, na ufukwe atakaourudia utakuwa umeshapata joto jingine.

Matumbawe yenyewe yana ujanja ambao hauko katika methali zetu mbili. Tumbawe ni mnyama anayefuga mwani ndani ya mwili wake, na mwani humlisha. Maji yakizidi joto, wawili hao hutengana, tumbawe hubaki jeupe, na likikaa hivyo muda mrefu hufa. Baadhi ya matumbawe hubadilisha mpangaji: huacha mwani mmoja na kuchukua mwingine anayestahimili joto. Mengine hukomaa kwa mazoezi. Kisiwani Ofu, Samoa ya Marekani, timu ya Stephen Palumbi ilihamisha matumbawe kutoka kidimbwi chenye maji ya wastani hadi kidimbwi kinachopata joto kali maji yakikupwa, na ndani ya miaka miwili yakawa yamepata sehemu ya ustahimilivu wa wenyeji. Sehemu nyingine wenyeji walizaliwa nayo.

Huo ndio mchanganyiko halisi porini: kunyumbuka kidogo, kurithi kidogo, kuhama kidogo, kila kimoja kikimpunguzia au kumwongezea mwenzake mzigo. Ndege wa Wytham wasingenyumbuka, huenda wengi wangekufa mapema, na mageuzi yangeanza mapema au ukoo ungeisha. Kwa kunyumbuka walinunua muda.

Kuutenganisha mchanganyiko huo kunahitaji mababu, na mababu hawapatikani wakishaoza. Ndiyo maana Franks na Weis, waliofanya ile kazi ya haradali, walishirikiana na watafiti wengine kuanzisha mradi wa Project Baseline: mbegu za mimea ya porini ya spishi kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za Marekani zilikusanywa, zikakaushwa na kuwekwa kwenye baridi kali ya hifadhi ya Fort Collins, Colorado. Haziruhusiwi kuisha kwa haraka. Zimepangwa zitolewe kidogokidogo kwa miongo kadhaa. Siku moja mtu ambaye pengine hajazaliwa atafungua pakiti, atapanda babu kwenye chungu kimoja na kitukuu kwenye chungu cha pembeni, atawamwagilia maji sawa, na ataanza kuhesabu siku hadi ua la kwanza.